Kutengeneza chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo: mwongozo kamili, kutoka maabara hadi zizini

Mwaka 2008 sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Tanzania, kwenye mifugo ya Ngorongoro. Muda si mrefu ikaibuka Tandahimba, mkoani Mtwara. Kati ya sehemu hizo mbili kuna zaidi ya kilomita elfu moja za barabara, na kirusi cha sotoka hakibebwi na mbu wala kupe. Kilipanda lori. Waliofuatilia chanzo walikuta mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam, wakapelekwa kusini wakiwa na ugonjwa tayari.

Ugonjwa unaopanda lori hauzuiwi na karantini peke yake. Funga mnada leo, kesho mbuzi watapitishwa njia za porini usiku. Kinachouzuia kwa hakika ni kinga iliyomo ndani ya mbuzi mwenyewe, anayekwenda nayo popote atakakouzwa.

Nimeandika haya kwa ajili ya mwanafunzi wa tiba ya mifugo, afisa mifugo wa kata, na mfugaji aliyechoka kuambiwa "leta mbuzi wachanjwe" bila kuelezwa ndani ya kichupa mna nini. Hakuna atakayetengeneza chanjo jikoni baada ya kusoma, wala asijaribu. Atakachopata ni njia nzima, na sababu ya kila kituo. Kama wewe ni mfugaji na una haraka, ruka hadi hatua ya saba. Ukirudi huku mwanzo utaelewa kwa nini kule nimekuwa mkali kuhusu barafu.

Hatua ya kwanza: hakikisha ugonjwa unachanjika

Si kila ugonjwa unakubali chanjo kwa urahisi, kwa hiyo kabla ya kununua hata chupa moja ya maabara, ujue adui ni nani.

Mbuzi wa sotoka huanza na homa, nyuzi 40 hadi 41, kwa kawaida siku nne hadi sita baada ya kuambukizwa. Macho yanatiririka, kisha yanajaa matongo. Kamasi nyepesi inakuwa nzito na kuziba pua. Fizi na ulimi vinatoka vidonda vinavyonuka, halafu mnyama anaharisha na kukohoa. Katika kundi ambalo halijawahi kukutana na ugonjwa huu, mlipuko mbaya unaweza kuua mbuzi tisa katika kila kumi. Wengi huuchanganya na homa ya mapafu ya mbuzi. Ile nayo inakohoza na kuua haraka, lakini haina vidonda mdomoni wala kuharisha, na kondoo walio zizi moja na mbuzi wagonjwa hubaki wazima. Tofauti hii si ya kitabuni tu. Homa ya mapafu huletwa na bakteria wa jamii ya maikoplasma, na chanjo yake ni bakteria waliokwisha kuuawa kwa saponini, kemikali ya mimea inayotoa povu. Ukichanja sotoka mahali penye homa ya mapafu, umepoteza pesa ya watu na imani yao pamoja.

Ukishajua ni sotoka, jiulize maswali matatu. Je, mnyama aliyepona huugua tena? Kwa sotoka hapana, aliyepona amepona moja kwa moja, maana yake mwili unaweza kujifunza. Je, kirusi kina sura nyingi zinazokwepa kinga? Kuna koo nne za kirusi hiki, lakini kinga ya ukoo mmoja huzuia zote, kwa hiyo chanjo moja inatosha kutoka Dakar hadi Dhaka. Je, kina maficho ya kudumu nje ya mifugo? Wanyamapori huambukizwa, na swala aina ya saiga walikufa kwa maelfu Mongolia mwaka 2016 na 2017, ila mzigo mkubwa wa maambukizi unabebwa na mbuzi na kondoo wa kufugwa.

Majibu yote matatu ni mazuri, na kuna ndugu anayethibitisha. Kirusi cha sotoka ya mbuzi ni wa ukoo mmoja na surua ya watoto, na pia sotoka ya ng'ombe, ile iliyofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuwaacha Wamaasai na njaa. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Mgonjwa wa mwisho kuthibitishwa alikuwa nyati, Kenya, mwaka 2001. Silaha kuu ilikuwa chanjo aliyoitengeneza Walter Plowright na wenzake pale Muguga, nje kidogo ya Nairobi.

Hatua ya pili: kamata kirusi

Kirusi hupatikana kwa mgonjwa wa siku za mwanzo, si kwa yule anayekata roho. Mbuzi mwenye homa mpya na macho yanayoanza kutiririka ana kirusi kingi. Aliyefikia kuharisha kwa siku kadhaa ameshaanza kutengeneza kingamwili, na kirusi kinapungua. Kwa hiyo kipimajoto ni kifaa muhimu kuliko kisu. Pangusa macho, pua na mdomo kwa vijiti vya pamba, chukua damu, na kama kuna aliyekufa sasa hivi, kata vipande vya tezi za limfu, bandama na pafu. Vyote viingie kwenye barafu papo hapo.

Maabara husaga sampuli, huichuja na kuimwaga juu ya seli hai zilizotandazwa chini ya chupa kama utando mwembamba. Kirusi hakiwezi kuzaa kwenye chakula kitupu kama bakteria, kinahitaji seli ya kuingia. Seli zinazotumika sana ni za Vero, zilizotokana na figo ya tumbili wa kijani, zikaanzishwa Japani mwaka 1962. Jina lenyewe ni ufupisho wa maneno ya Kiesperanto yenye maana ya "figo ya kijani". Nani angedhani Kiesperanto kitapata kazi ya kudumu ndani ya mbuzi wa Karamoja, Uganda?

Kirusi kikishika, baada ya siku kadhaa utaona chini ya darubini seli zinaungana na kuwa majitu yenye viini vingi, kisha zinang'oka. Hapo unaye.

Kirusi kinachobeba sehemu kubwa ya chanjo za leo kilitoka kwa mbuzi wa Nigeria mwaka 1975, ndiyo maana kinaitwa Nigeria 75/1. India nayo ina chake, Sungri/96. Miaka ya nyuma kabla ya hapo watu walichanja mbuzi kwa chanjo ya sotoka ya ng'ombe, na ilikinga vizuri kwa sababu ya undugu niliotaja. Iliachwa kwa sababu moja: ukimpima mbuzi aliyechanjwa hivyo unakuta kingamwili za sotoka ya ng'ombe, na nchi iliyokuwa inataka kuthibitisha kwamba ugonjwa huo umekwisha haikuweza kutofautisha.

Hatua ya tatu: kifuge mpaka kipole

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo miaka inapokwenda.

Wazo ni rahisi kulieleza kwa mfugaji kuliko kwa mtu wa mjini. Ukichukua mnyama wa porini ukamlea zizini kizazi baada ya kizazi, anapoteza ukali asiouhitaji tena. Kirusi nacho, ukikihamisha kutoka chupa moja ya seli kwenda nyingine, tena na tena, kinazoea maisha ya chupa. Kila kinapozaliana makosa madogo yanaingia kwenye chembe zake za urithi. Makosa yanayokisaidia kuishi ndani ya seli za Vero yanabaki, na uwezo wa kumuumiza mbuzi, usio na faida yoyote ndani ya chupa, unapotea kidogo kidogo.

Adama Diallo na wenzake waliifanya kazi hii kwa Nigeria 75/1 na kuitangaza mwaka 1989, baada ya kukihamisha kirusi zaidi ya mara 60. Kila uhamisho huitwa pito. Njiani unasimama kila baada ya mapito kadhaa, unamdunga mbuzi asiye na kinga na kumpima homa asubuhi na jioni. Mapito ya mwanzo mbuzi bado anaugua. Baadaye anapata homa ndogo tu. Mwisho hata joto halipandi, lakini damu yake imejaa kingamwili. Pale ndipo unaposimama.

Kusimama ni uamuzi mgumu kuliko kuanza. Ukimhasi beberu mapema mno anadumaa, ukichelewa ukorofi umeshaingia. Kirusi ambacho hakijapoa vya kutosha kitamwangusha mbuzi dhaifu, na kilichopozwa kupita kiasi hakizaliani tena ndani ya mwili, kwa hiyo mwili haukioni wala haujifunzi. Nimesikia wanafunzi wakiuliza kwa nini tusikiue tu, tudunge mizoga. Inawezekana, ila chanjo iliyokufa kwa kawaida hudai sindano ya pili na kinga yake huisha mapema. Kirusi hai kilichopozwa kinatoa kinga ya angalau miaka mitatu kwa sindano moja, na mbuzi wengi hawaishi zizini muda mrefu kuliko huo. Kwa mfugaji anayehama na mvua, sindano moja ndiyo pekee unayoweza kumwahidi.

Gharama ya uhai huo ni kwamba kila kitu kuanzia hapa ni vita ya kutokiua kirusi bila kukusudia.

Hatua ya nne: weka mbegu

Mkulima mwenye akili hali mbegu. Kirusi cha pito ulilolichagua hugawanywa kwenye vichupa vingi, hukaushwa, na kufungiwa kwenye baridi kali. Hii ni mbegu mama. Kutoka kwake hutolewa mbegu ya kazi, na kutoka mbegu ya kazi hutengenezwa chanjo. Kati ya mbegu mama na chanjo iliyo sokoni mapito ni machache na yamewekewa kikomo, kwa sababu kirusi kinaendelea kubadilika kila kinapozaa. Kiwanda kinachotengeneza chanjo ya mwaka huu kutoka kwenye chanjo ya mwaka jana kinakula mbegu.

Mbegu lazima iwe safi. Pima bakteria, kuvu na maikoplasma, na pima virusi wageni. Mgeni anayesumbua zaidi ni kirusi cha kuharisha cha ng'ombe, kinachoingia kupitia seramu ya ndama, yaani maji ya damu yake, inayolishwa seli. Hakiharibu seli, hakibadilishi rangi ya maji, kinakaa kimya kabisa. Halafu chanjo inafika kwa mbuzi mwenye mimba.

Hatua ya tano: mbuzi ndiye hakimu

Tafuta mbuzi na kondoo wasio na kingamwili za sotoka. Katika nchi ambazo ugonjwa umezunguka hii si kazi ndogo. Mbuzi wa mnadani wamekutana na mengi, kwa hiyo wapime damu kabla ya kuwanunua, si baada ya kuwafikisha kwenye jengo.

Jaribio la msingi la mbegu huwa na makundi matatu. La kwanza linapewa dozi 100 kwa mkupuo, kuona kama chanjo ina madhara hata ikizidishwa. La pili linapewa sehemu ya kumi tu ya dozi, kuona kama inakinga hata ikipunguzwa. La tatu halichanjwi, linakaa zizi moja na wenzake, kuona kama kirusi cha chanjo kinaruka kutoka mnyama mmoja kwenda mwingine. Baada ya wiki tatu wote wanaambukizwa kirusi kikali cha porini, ndani ya jengo lililofungwa ambalo hewa na maji taka yake husafishwa kabla ya kutoka. Wasiochanjwa wanapaswa kuugua na waliochanjwa wabaki wakicheua. Ikiwa wasiochanjwa hawakuugua, usishangilie: jaribio limeharibika na hujui lolote.

Majaribio haya yanapita kwanza kwenye kamati ya maadili ya wanyama, na sawasawa kabisa. Idadi iwe ndogo inayotosha kutoa jibu, na mnyama aliyefikia kiwango cha mateso kilichoandikwa mapema asisubiriwe kufa.

Kisha linakuja swali la kurudi nyuma: je, kirusi kinaweza kukumbuka ukali wake? Unakichukua kwa mbuzi aliyechanjwa, unamdunga mwingine, unakichukua tena, mara tano mfululizo. Mara nyingi njiani kinapotea kabisa, na hilo ndilo jibu unalolitaka. Baada ya hapo jaribu kwa mbuzi wenye mimba, kwa aina za kienyeji mbalimbali, na kwa wanyama wembamba wa kiangazi, maana hao ndio watakaochanjwa kweli.

Hatua ya sita: uzalishaji na hesabu yake

Kiwandani seli hupandwa kwenye chupa zinazozunguka au matangi, kwa joto la nyuzi 37, kisha mbegu ya kazi hutiwa kidogo sana, chembe moja ya kirusi kwa seli elfu moja hivi. Ukitia nyingi, vipande vibovu vya kirusi vinazidi na mavuno yanashuka. Siku chache baadaye seli zinaanza kuharibika, unavuna maji, unatia mapya, unavuna tena. Mavuno hukaa kwenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri huku sampuli zikipimwa.

Kipimo ni hiki: unaizimua sampuli mara kumi, mara mia, mara elfu na kuendelea, unatia kila mzimuo kwenye visima vyenye seli, unasubiri kati ya siku 10 na 14, na kutafuta mahali ambapo nusu ya visima vimeambukizwa. Hapo unapata idadi ya vipimo vya kuambukiza, yaani viwango vya kirusi vinavyotosha kuambukiza kisima, kwa kila mililita. Dozi ya mbuzi mmoja haipaswi kuwa chini ya 10 kwa kipeo cha 2.5, yaani karibu vipimo 316.

Tufanye hesabu ya mfano. Mililita moja ya mavuno ina vipimo 1,000,000. Ukikausha, sema tisa katika kila kumi vinakufa, unabaki na 100,000. Kwa kugawa na 316 unapata dozi 316, na mhasibu anafurahi. Mzalishaji mwaminifu hafanyi hivyo. Kirusi kitaendelea kupungua kwenye jokofu la ghala, kwenye gari, na mkononi mwa mchanjaji. Akiweka 1,000 kwa dozi anapata dozi 100 tu kutoka mililita ileile, lakini mbuzi wa mwisho kwenye foleni naye atakingwa. Ukiona chanjo mbili zenye bei tofauti sana, swali la kwanza la kuuliza ni hili.

Kukausha ndiko kunakookoa maisha ya kirusi safarini. Kikiwa kwenye maji kwa joto la nyuzi 37, nusu yake hufa ndani ya saa tatu na dakika chache. Kwa hiyo huchanganywa na vitu vya kukikinga, kwa kawaida sukari, protini ya maziwa iliyomeng'enywa na glutamati, kikagandishwa, kisha maji yakavutwa yakiwa barafu bila kupitia hali ya kimiminika. Kinachobaki ni kidonge cheupe chepesi kama povu lililokauka. Wapo waliokwenda mbali zaidi. Jeffrey Mariner alipunguza unyevu na kuboresha ukaushaji wa chanjo ya sotoka ya ng'ombe mpaka ikaweza kubebwa kwa wiki kadhaa bila jokofu, na njia hiyo imefuatwa kwa chanjo ya mbuzi, ikiwemo kazi iliyofanywa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, Nairobi. Sioni jambo jingine katika safari hii yote lililobadilisha maisha ya mfugaji wa mbali kama hilo.

Kila toleo hupimwa tena: usafi, usalama, wingi wa kirusi, na unyevu uliobaki. Afrika ina maabara yake huru ya kukagua chanjo za mifugo, PANVAC ya Umoja wa Afrika, iliyoko Debre Zeit, Ethiopia. Mzalishaji kama KEVEVAPI wa Kenya anaweza kupeleka sampuli huko zikapimwa na watu wasiouza chochote. Mamlaka ya dawa ya nchi, kwa Tanzania TMDA, ndiyo inayotoa usajili. Afisa ununuzi asikubali toleo lisilo na cheti chenye namba ileile iliyo kwenye kichupa. Si namba inayofanana. Ileile.

Hatua ya saba: kutoka jokofuni hadi chini ya ngozi

Kazi ya miaka kumi na mitano inaweza kufa hapa kwa dakika kumi na tano. Niliwahi kuongozana na timu moja, wilaya siitaji, iliyochanja mamia ya mbuzi kuanzia alfajiri hadi saa nane mchana. Kuli boksi lilikuwa zuri, jipya. Lakini maji ya kuyeyushia yalikaa kwenye dashibodi ya gari siku nzima, na kila kichupa kilikutana na maji ya moto. Mwezi uliofuata damu za mbuzi zilitupa jibu. Hakuna aliyefanya uzembe wa makusudi. Hakuna aliyewaambia kwamba kilichomo ndani kiko hai.

Kwa hiyo, siku moja kabla, hesabu. Uliza kila boma lina mbuzi na kondoo wangapi, ongeza kidogo, kwa sababu mfugaji huficha idadi mpaka aone kama jirani ameitaja ya kwake. Gandisha pakiti za barafu usiku kucha. Vichupa na maji ya kuyeyushia vyote vilale kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8, na vyote visafiri kwenye kuli boksi. Weka kipimajoto ndani. Usifungue kifuniko kila mtu anapotaka kuchungulia.

Chagua muda wa asubuhi kabla mbuzi hawajaenda malishoni, na chagua mahali penye kivuli na njia nyembamba. Njia ya uzio wa miti na miiba iliyojengwa na vijana jioni iliyotangulia inaokoa saa tatu za kukimbizana. Wakati pia una msimu wake: chanja kabla ya wingi wa wafugaji kuhama, na usisubiri ugonjwa uingie. Aliyekwisha kuambukizwa hatasaidiwa na chanjo, anaweza kufa, na jirani atasema sindano ndiyo iliyomuua. Pima homa kwa wachache kwanza. Mwenye homa, matongo au kuharisha, mweke kando na umweleze mwenyewe sababu hadharani, wote wasikie.

Yeyusha kichupa kimoja kwa wakati. Kichupa cha dozi 50 kinaingizwa mililita 50 za maji yaliyopoa, kwa kuwa dozi ni mililita moja. Tikisa taratibu, kisitoe povu. Tumia ndani ya muda ulioandikwa kwenye karatasi ya mzalishaji, na kama karatasi imepotea usizidishe saa moja, kichupa kikiwa juu ya barafu na mbali na jua. Kama vijana wako wanakamata mbuzi 30 kwa saa, usiyeyushe kichupa cha dozi 100 kwa tamaa ya kumaliza mapema. Kilichobaki baada ya muda kinatupwa. Najua inauma. Kitupwe.

Dunga chini ya ngozi, shingoni au nyuma ya bega: vuta ngozi kwa vidole viwili, ingiza sindano kwenye hema linalojitokeza, sikia kama inaelea huru, sukuma. Spiriti na dawa za kuua vijidudu visiguse bomba wala sindano, kwa sababu vinaua kirusi cha chanjo kama vinavyoua vingine. Bomba lichemshwe, lipoe. Sindano ibadilishwe kila mara, angalau kila boma, kwa kuwa sindano chafu hubeba majipu na magonjwa mengine kutoka mbuzi hadi mbuzi.

Wana-mbuzi walio chini ya miezi mitatu au minne waache. Dang'a waliyonyonya imewapa kingamwili za mama, na kingamwili hizo hukiua kirusi cha chanjo kabla mtoto hajajifunza chochote. Weka tarehe ya kuwarudia. Mbuzi wenye mimba wanachanjwa bila tatizo, ila wakamatwe kwa upole, maana kinachowatoa mimba ni kuangushwa, si chanjo.

Mwenye kuchanjwa apewe alama. Hereni ni nzuri kama bajeti ipo, rangi inatosha kwa siku hiyo, na kadi ya boma yenye tarehe, idadi na namba ya toleo ibaki kwa mwenye mifugo, si kwenye faili la ofisi. Na mwenye zizi asiitwe mnufaika. Aitwe kwa heshima yake, apewe nafasi ya kuuliza, na akisema chanjo ya mwaka juzi haikufaa, asikilizwe mpaka mwisho. Mara nyingi yuko sahihi.

Hatua ya nane: pima kama umefanikiwa

Baada ya wiki tatu hadi nne rudi uchukue damu. Usichague mbuzi wazee, huenda walipata kingamwili kwa kuugua zamani. Chagua wenye umri wa miezi sita hadi mwaka mmoja, kutoka maboma mengi, wachache kila boma. Kuzuia ugonjwa kusambaa kunahitaji karibu asilimia 70 hadi 80 ya kundi wawe na kinga, na kundi la mbuzi hubadilika upesi: wanaozaliwa wanaingia bila kinga, waliochanjwa wanauzwa. Kampeni ya mara moja tu ni kama kuziba tundu moja la ungo. Mpango wa dunia wa kuutokomeza ugonjwa huu, uliozinduliwa Abidjan mwaka 2015 na kulenga mwaka 2030, ulitaka wote wachanjwe miaka miwili mfululizo kisha vizazi vipya navyo vichanjwe.

Kuna pengo moja ambalo chanjo ya sasa haijaziba. Kipimo cha kawaida cha damu hakitofautishi mbuzi aliyechanjwa na aliyeugua akapona. Yaleyale ya zamani. Watafiti wamekuwa wakijaribu kupandikiza kipande kimoja cha kirusi cha sotoka ndani ya kirusi kilichopozwa cha ndui ya mbuzi, ili sindano moja ikinge magonjwa mawili na damu ya aliyechanjwa ionekane tofauti na ya aliyeugua. Mpaka hizo zitakapoingia sokoni, kadi na alama ya sikio ndivyo vinavyokuambia nani ni nani.

Damu zikionyesha kinga chini ya ulivyotarajia, usianze kwa kulaumu kiwanda. Fuata nyuma, hatua moja moja. Umri wa mbuzi uliowapima. Saa kila kichupa kilipoyeyushwa. Maji ya kuyeyushia yalikaa wapi. Kipimajoto cha kuli boksi kilisoma nini saa sita mchana. Jokofu la wilaya umeme ulikatika lini, na nani aliandika. Kama yote hayo yako sawa, toa kichupa kimoja cha toleo lilelile ulichokihifadhi kwenye baridi kwa ajili ya siku kama hii, ukipeleke maabara kihesabiwe upya. Kama hukuhifadhi hata kimoja, safari ijayo anza na hicho.